Shikamoo Niliyokataa Kuiitikia

Bwana asifiwe! Naona mnaitikia kwa furaha, ahsanteni, lakini mimi leo nimesimama na aibu. Mimi Mama Kabula, muuza dagaa wa hapa Runzewe, mnayenijua kwa kuimba mstari wa mbele, nimekuja kusema nilichomfanyia mwanangu wa kumzaa.

Ndugu zangu, mimi si Msukuma. Nimetoka Kigoma nikaolewa huku, na tangu siku ya kwanza niliogopa ukoo wa mume wangu usije ukasema huyu mwanamke wa kuja hajui kulea. Binti wa Kisukuma anapiga magoti akimsalimia mkubwa. Basi Kabula nilimfundisha magoti kabla hajajua kuhesabu. Watu wakamsifia, nami kichwa kikavimba.

Alipofika miaka minane akaacha. Asubuhi ananisalimia akiwa bado amelala kwenye mkeka. "Shikamoo, mama." Siitikii. "Shikamoo, mama." Kimya. Namwambia inuka, piga magoti kama watoto wenye adabu, ndipo upate marahaba yako. Anasema magoti yanamuuma, anajivuta kwa kushika ukuta, mimi namtazama tu. Mchana namwona anatembea na wenzake, nasema ahaa, kumbe miguu anayo! Jamani, nilimchapa kwa mwiko wa ugali! Tena nikamleta hapa hapa madhabahuni ili pepo la kiburi limtoke. Mlikemea pamoja nami, na yeye amekaa anasikia jina lake.

Ikafika mahali akisikia hodi anakimbilia kujificha stoo, nyuma ya magunia ya dagaa. Kukimbia kwenyewe ni kuchechemea.

Siku moja, Kabula ana miaka kumi, mama mkwe akaja kutoka Shinyanga. Nilikuwa nimefagia, nimepika, Kabula nimemvisha gauni jipya. Akamwamkia bibi yake akiwa amesimama, ameshika mlango. Niliona nimeumbuka! Nikamshika mabega, nikamkandamiza chini. Akapiga ukelele. Ndugu zangu, ule ukelele sijausahau mpaka leo.

Mama mkwe hakuzungumza habari za adabu. Aliketi chini vumbini, akaweka viganja juu ya magoti ya mtoto. "Ng'wanone," akambembeleza, yaani mwanangu. Kisha akanigeukia. "Mama Kabula, magoti haya yamevimba, yana moto. Hujawahi kuyashika?"

Sikuwahi. Miaka miwili! Dagaa nawashika kila siku, magoti ya mwanangu sikuwahi kuyashika.

Kesho yake tukaenda hospitali, tukapelekwa na kwenye hospitali kubwa zaidi. Daktari akasema ni baridi yabisi. Nikambishia, nikasema hiyo si ya wazee? Akanieleza kwa upole kwamba hata watoto wanaipata, kwamba viungo vinakakamaa asubuhi, halafu mchana vinalegea kidogo. Nilishindwa kumwangalia Kabula. Mtoto alikuwa anasema kweli siku zote, na mimi nilikuwa nampiga.

Sitawadanganya kwamba amepona. Hajapona, na huenda akaishi na ugonjwa huu muda mrefu. Lakini anatumia dawa, anafanya mazoezi aliyofundishwa, asubuhi namkanda kwa maji ya uvuguvugu kabla ya shule, na mwalimu anamruhusu kusimama anyooshe miguu. Juzi alicheza rede, anakwepa mpira na wenzake. Alitolewa mapema, akarudi nyumbani amenuna, analalamika kwamba wenzake wameiba. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwa kumshukuru Mungu!

Ndugu zangu, aliyekuwa amefungwa ni mimi. Niliogopa midomo ya watu kuliko maumivu ya mwanangu, na Yesu amenifungua. Angeweza kuninyamazia nilivyomnyamazia Kabula. Hakuninyamazia, jina lake libarikiwe!

Mzazi mwenye mtoto anayesema miguu inamuuma, usianze kukemea. Mshike. Mpeleke hospitali, omba ukiwa njiani, omba na mkiwa kwenye foleni. Mtegemee Mungu, hataona haya kutembea na wewe, hata kama umekosa kama mimi.

Kabula yuko pale benchi la nyuma, mwenye gauni la kijani. Ibada ikiisha naomba mpite kwake mmoja mmoja. Atawaamkia akiwa amekaa. Tafadhali, mwitikieni.