Frimasoni Hawaaliki Mtu

Basi lilikuwa likishuka kutoka kwenye kilima chenye mnara wa Frimasoni. Mbele yangu walikaa mzee mmoja na mkwewe, Leland.

“Umenionyesha mto Potomac na mji mzima,” Leland alisema, “lakini miaka kumi na moja hujanialika kwenye udugu wenu wa Frimasoni. Sema tu hunitaki, mzee.”

“Hatumwaliki mtu, mwanangu. Anayetaka huomba mwenyewe. Unadhani nimekupandisha kule juu mara sita kwa nini?”

“Nilidhani unapenda kutazama treni zinazopita kule chini.”

Nikaona kijana huyu ni mzito kidogo wa kuelewa.

Basi likasimama. Leland akainuka, akasema, “Kituo chetu hiki.”

Mzee hakutikisika. “Mimi nimesubiri miaka kumi na moja uombe,” alisema. “Dereva naye atasubiri.”