Punda wa Marehemu na Majani ya Mwarobaini

Assalamu alaikum, ndugu zangu! Ahimidiwe Mwenyezi Mungu, maana nimetoka edani nikiwa na la kusema. Mimi si msemaji, mnanijua hapa Shela.

Mume wangu alishikwa na homa. Nilimchemshia majani ya mwarobaini ulioko uani kwetu. Akanywa, akakunja uso, akanywa tena. Akafa. Sitawadanganya, haukumponya.

Tangu siku ile niliuchukia mti ule. Niliswali kwa ulimi tu. Moyoni nilikuwa nimemnunia Mola.

Marehemu alituachia punda mmoja, mbeba mawe ya waashi. Huyo ndiye aliyetulisha mimi, watoto na mavyaa wangu, mama yake marehemu. Shemeji yangu akawa anamwendesha. Ndugu zangu, shogi la mawe likamchubua mgongo, kidonda kikaingia mabuu, akakataa hata majani. Bwana mifugo wa serikali alikuwa ng'ambo, Mokowe.

"Shemeji," ndugu huyo wa marehemu akaniambia, "huyu hafiki Ijumaa."

Mavyaa akainuka, akaanza kuchuma mwarobaini. Nikamwambia, "Mama, mti huo haukumfaa mwanao!"

Hakuacha kuchuma. "Haukumfaa. Mwanangu ajali yake ilifika, siku zake zilikwisha. Huyu bado anapumua. Washa moto."

"Nami nimo edani, Mama, mjane hatakiwi kunukia. Harufu itanishika."

"Kwani huu ni udi? Atakayekutamani kwa harufu hii ni nani, nzi?"

Nilicheka! Sikuwa nimecheka tangu mazishi. Kisha nikalia, nikawasha moto.

Tulimwosha kidonda kwa maji yale machungu, yakiwa vuguvugu, asubuhi na jioni. Mabuu yakaanguka. Tukaponda mbegu za mti, tukachanganya na mafuta ya nazi, tukampaka, na nzi wakamkimbia. Alipompiga shemeji teke la paja, tukajua anapona. Nyama ikafunga, akarudi kazini, watoto wakala.

Ndugu zangu, sijui kwa nini Mola alimponya punda akamchukua mume wangu. Bado namuuliza. Ila sasa namuuliza nikiwa juu ya mswala, na moyo wangu umo. Nawe uliyefiwa, usimnunie. Msogelee na uchungu wako huohuo, usingoje upungue. Wangu haukupungua, na alinipokea. Alhamdulillahi!