Mchanga Waliouona Mtupu

Hamjambo nyote mliokaa, na nyinyi mliobanana pale mlangoni. Mama mwenyekiti amesema nisimame. Goti langu limekataa, kwa hiyo mtanisikia nikiwa kwa kiti. Jumapili zote nimekuja hapa mjini, mtaa wa Manyatta, nikawasikiliza nyinyi mliofiwa, nikinyamaza kama mgeni. Leo ni zamu yangu. Majina sitataja. Mimi shule niliachia darasa la tatu, sasa nikipotea njia mnirudishe.

Mimi ni mtu wa bichi. Kazi yangu ilikuwa kuziba mashua zinazovuja, na mke wangu alikuwa akianika omena, wale dagaa wetu wa ziwani. Alikuwa na mdomo, huyo mama! Siku moja wakaja watu wa kampuni ya ndege ndogo, zile zisizo na rubani, za kupeleka damu kwa vituo vya afya kule visiwani. Kazi nzuri, sitadanganya. Kuna akina mama walikuwa wakijifungua huko na damu haifiki. Ile ndege ilipoanza kupita, wanawake wa bichi wakawa wanaichokoza. "Wewe mwewe, omena yangu usiguse!" Mke wangu akaniambia, "Mzee, hiyo kitu ina mbio kuliko wewe ukiitwa chakula." Nikamwambia hakuna kitu duniani kina mbio hiyo. Tukacheka.

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, ndege.

Sasa, ile ndege ikipata shida hewani, haianguki popote tu. Mainjinia wameichagulia mahali pa kushukia na mwavuli. Kwetu walichagua pale pale bichi, kwenye mchanga. Sisi hatukujua. Hakuna aliyetwambia.

Ikapata shida asubuhi, watu wote wakiwa kazini. Mwavuli haukufunguka vizuri. Mke wangu alikuwa ameinama akigeuza omena, mgongo kwa jua. Mimi nilikuwa pale karibu na lami yangu ya kuzibia mashua. Nilisikia kitu kama mlango umegongwa na upepo. Nikageuka. Basi.

Ndugu zangu, nawaambia, sikulia. Tulimzika, watu wakalia mpaka sauti zikakauka, mimi nikawa nauliza kama viti vimetosha. Shemeji yangu alikuja kutoka Katito, akanishika mabega, akasema, "Shemeji, lia kidogo, watu wataongea." Nikamwambia, "Haya," kama mtu aliyeulizwa kama atakunywa chai. Nikila, naona mdomo unatafuna tu. Lami ilinichoma mkono nikajua kwa harufu. Redio ikasema ndege ilisukumwa na upepo ikaangukia eneo lisilo na watu, kwa bahati mbaya mtu mmoja alikuwa hapo. Nikasema haya. Nikazima, nikalala. Binti yangu akaja kunichukua, ndiyo nikawa mtu wa Manyatta.

Nyinyi mnaijua hiyo hali. Wengine wenu naona mko ndani yake hata sasa, na sitawadanganya kwamba inatoka kama homa.

Kule bichi kumbe kulikuwa na msichana mmoja wa hiyo kampuni, injinia, mtoto mdogo kwangu. Wakubwa wake walikuwa wamemaliza maneno: ni upepo. Yeye akarudi peke yake. Akakaa kwa nyumba ya mama mmoja anayepika chapati pale, asubuhi anashuka mchangani, anaangalia tu. Wanawake hawakumtaka. Mmoja alimwambia, "Umekuja kuchagua mwingine?" Akaendelea kuja.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana nyinyi wa mjini hamjui. Omena huvuliwa wakati wa giza, samaki wafuate taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haziwaiti samaki, basi mashua zinavutwa juu, na wanawake wanaenda shambani ama sokoni. Bichi inabaki na mbwa. Yule msichana alikaa mpaka mwezi ukakua, akaona watu wakitoweka mbele ya macho yake. Mama wa chapati aliniambia msichana alikaa chini mchangani akashika kichwa.

Chifu akaita baraza. Kampuni ilitaka kurusha tena, na ilibidi waulize safari hii. Binti yangu akanipeleka. Nilikaa mbele kama gunia. Mkubwa mmoja akaongea juu ya upepo. Halafu yule msichana akasimama bila kuitwa, akanigeukia mimi.

"Baba, upepo ulikuwepo. Lakini mahali nilichagua mimi. Nilikuja wakati wa mwezi, nikakuta mchanga mtupu."

Mkubwa wake akamwambia akae. Hakukaa.

Nilikasirika! Ndugu zangu, nilikasirika kweli, na ilikuwa kitu cha kwanza kuhisi tangu siku ile. Nikampigia kelele, "Na mdomo hukuwa nao? Si ungeuliza mtu, hata mtoto?"

Akasema, "Nilifurahi kupaona patupu, Baba. Nikaogopa nikiuliza nitapata jibu lingine."

Hapo ndipo nililia. Kwa sauti, mbele ya chifu, kamasi na kila kitu. Yeye naye akalia. Wanawake walewale waliokuwa wakimchukia wakaja wakatushika wote wawili.

Chifu akauliza irushwe ama isirushwe. Watu wakaniangalia. Nikawaambia, waulizeni walio na migongo juani, mimi ni wa kuziba mashua. Wanawake wakateta mpaka jua likageuka. Wakakubali, kwa sababu ya wale wanaojifungua visiwani, lakini kwa masharti: mahali pa kuangukia pahamishiwe kwenye miamba, na kabla hawajarusha wapige simu bichi. Mwanamke akisema leo hapana, ni hapana. Mpaka leo wanapiga.

Siwaambii nimepona. Kuna asubuhi bado naamka nikiwa gunia. Lakini kuna zingine si hivyo.

Namshukuru shemeji yangu, namshukuru binti yangu aliyenilisha kama mtoto, na nyinyi mliovumilia mzee asiyesema. Na yule msichana injinia, naam, namwita nyathina, mtoto wangu, namshukuru kwa kukataa kukaa. Najua nini zaidi, mimi wa darasa la tatu? Kama unatengeneza kitu cha kupita juu ya vichwa vya watu, shuka kwanza uulize wanaishi vipi, na uliza hata kama unaogopa jibu. Na wewe uliyefiwa, siku mtu akikuletea ukweli, mkasirikie. Mpigie kelele ukitaka. Lakini usimfungie mlango.

Alinipigia simu jana, yule msichana. Nilimkumbuka mke wangu, nikamtania huyo msichana, nikamwambia sauti yake imekonda, aje ale samaki. Akacheka. Na mimi nikacheka, mpaka binti yangu akatoka jikoni kuangalia ni nani anacheka.