Mwalimu Verediana na Maua Yasiyongoja Mchana

Mwalimu Verediana Akonaay alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 Maretadu, wilayani Mbulu, mtoto wa tatu wa Mzee Akonaay na Mama Fausta, wakulima wa mahindi na maharage.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari na chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1979. Chuoni ndipo alipoona airisi kwa mara ya kwanza: maua makubwa ya zambarau, majani yamesimama kama mapanga. Aliomba kipande kimoja cha shina, akakisafirisha ndani ya soksi hadi Katesh, alikopangiwa kazi.

Katesh alifundisha sayansi kuanzia 1980 hadi alipostaafu 2018, na airisi zake zilizunguka nyumba ya walimu. Lakini aliyoyapenda zaidi yaliota porini, juu ya Mlima Hanang: maua madogo ya buluu, ya ukoo wa airisi, yanayofunguka asubuhi na kujifunga kabla ya saa sita.

Mwaka 1984 bwana mifugo mgeni kutoka Tarime, Joakimu Mwita, aliomba aonyeshwe maua hayo. Alichelewa kwenye josho la ng'ombe, akafika saa saba mchana.

"Mwalimu, nimepanda mlima wote huu kuja kutazama majani?"

"Haya hayamngojei mtu, bwana mifugo. Njoo kesho saa mbili."

Alifika saa moja. Walifunga ndoa tarehe 8 Juni 1985.

Kama zawadi, bwana harusi alichimbua shina moja mlimani, akalipanda uani kwenye nyumba yao, kijijini Gehandu, juu ya ndoo mbili za samadi mbichi. Likaoza ndani ya wiki.

"Umelilisha kama ng'ombe," mkewe alisema.

Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba: mlimani hakichimbuliwi kitu. Walichukua mbegu tu. Mzee Joakimu alizipanda mara nyingi; ziliota, zikafa. Zilizobaki hai ni za mwaka 2021.

Mwaka 2023 figo za Mwalimu zilianza kushindwa kazi, na mlima ukawa mbali. Alitamani kuyaona maua ya buluu mara moja tena. Watoto walimshauri baba yao akachimbue shina.

"Atajua," alisema. "Na atanihoji."

Kila asubuhi Mwalimu aliuliza habari za miche ya uani. "Bado?"

"Bado, Mwalimu."

Tarehe 11 Februari 2025 alipouliza, mumewe alimwinua kitandani. Alimbeba hadi uani, akamketisha kitini. Maua matatu ya buluu yalikuwa yamefunguka. Aliyatazama mpaka yakajifunga.

"Hapa hukuweka samadi," alisema.

Alifariki nyumbani tarehe 16 Februari, mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, Hilda na Benedict, wajukuu watano na dada yake, Oliva.

Wengi wameuliza kwa nini tunamzika saa mbili asubuhi badala ya saa nane. Kaburi lake liko kando ya maua yale, naye hakupenda mgeni achelewe.

Pumzika, Mwalimu. Leo tumewahi.