Ewald na Mashimo Matatu ya Darajani

Ndugu yetu Ewald Röhrig alizaliwa mwaka 1938. Hapana, nisameheni, dada yetu Liesel ananitikisia kichwa hapo mbele: ilikuwa 1939, tarehe 4 Novemba, vita vimeanza na baba ameshaitwa jeshini. Alizaliwa hapa hapa Eichenrode, mtoto wa mwisho wa Konrad na Minna Röhrig.

Alisoma shule ya kijiji, kisha akajifunza uashi mjini Lauterbach na kufuzu mwaka 1957. Alikuwa bado mwanagenzi siku ile mzinga mkubwa wa Wamarekani ulipopita hapa, umebebwa kati ya magari mawili, moja mbele na moja nyuma. Ilisemekana unarusha risasi ya atomu. Mimi kaka yake, mchungaji, nilisimama na kondoo wangu kuupisha, nao ukashindwa kukata kona ya duka la mikate. Mzee Dietz mwokaji alitoka na unga mikononi akafoka: "Nyie! Kama mnataka kuimaliza dunia, anzieni kona nyingine, hii nimeipaka rangi jana!" Ewald alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 1960 aliingia jeshi letu la Ujerumani Magharibi, na mwaka 1966 akafanywa msimamizi wa vizuizi wa wilaya hii. Kazi yake ilikuwa kutunza mashimo yaliyochimbwa barabarani na penye madaraja, ili Warusi wakija yajazwe milipuko na njia ikatike. Matatu yalikuwa kwenye daraja letu, na mifuniko yake ya chuma mliikanyaga kila siku. Wakati huo mizinga mikubwa ilikuwa imeshaondolewa. Yakaja makombora juu ya malori, nikiyaona huko malishoni. Zikaja risasi za atomu zinazoingia katika mizinga ya kawaida. Mwisho tukasikia liko bomu ambalo askari analibeba mgongoni. Ewald aliniambia: "Kaka, kitu hiki kila kikipungua ukubwa, kinazidi kusogea nyumbani."

Tarehe 14 Juni 1969 alimwoa Gerlinde Appel. Vijana walifunga kamba barabarani kumzuia bwana harusi kama ilivyo desturi, wakamwambia: "Leo fundi wa kufunga njia kafungiwa yeye! Toa peremende!" Zilimwishia mfukoni, ikabidi Gerlinde aikate kamba mwenyewe kwa kisu cha keki.

Agosti 1974 ghala la baba mkwe wake liliwaka moto. Zimamoto wetu, kwa haraka zao, walifungua mfuniko mmoja wa darajani wakidhani ni wa bomba la maji, wakateremsha mpira wa kuvuta maji.

"Ewald, mbona pakavu? Maji yako wapi?"

"Hapo hapana maji. Chukueni mtoni."

"Sasa shimo lote hili la nini?"

Alirudisha mfuniko mahali pake. Ghala liliokolewa nusu. Lakini jioni Gerlinde, mezani, mbele yangu, alimuuliza: "Mume wangu, shimo letu ni la baruti, au la lile bomu la mgongoni?"

"Sijui, mke wangu. Mimi natunza mfuniko tu. Lile ni la Wamarekani, wao huja nalo."

"Basi nenda ukaulize."

Alikwenda kwa wakubwa wake, na aliporudi akaanza kuulizia viwanja vinavyouzwa. Mwaka 1976 alinunua kiwanja kilichokuwa karibu kuliko vyote na daraja, akajenga nyumba kwa mikono yake. Nilimwambia: "Mdogo wangu, una wazimu?" Akasema: "Siku wakiniamuru nifungue mifuniko, nataka niione sufuria ya Gerlinde dirishani."

Amri haikuja. Mpaka wetu na Ujerumani Mashariki ulifunguka, risasi za atomu na makombora ya masafa mafupi ya Wamarekani yakapelekwa kwao, na Mei 1993 Ewald, mwashi tangu ujana, alimimina zege mwenyewe katika mashimo yale matatu. Wanakijiji walileta keki. Mzee Dietz, akiwa na miaka tisini, alikanyaga zege kabla halijakauka, na alama ya kiatu chake iko pale hadi leo. Wajukuu wa Ewald wamejifunzia baiskeli juu yake.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2016. Alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 10 Machi 2019, dirisha la upande wa daraja likiwa wazi, kama alivyoomba.

Ameacha mjane, Gerlinde, watoto, Heike na Volker, wajukuu wanne, dada yake, Liesel, na mimi kaka yake, Kuno. Mungu amlaze pema, karibu na daraja lililobaki zima.

Mimi nilimuuliza mara nyingi, na kila mara alinimiminia kahawa tu, nami nashukuru jibu halikuhitajika. Lakini leo nauliza kwa mara ya mwisho: Ewald, mdogo wangu, wangekuamuru, ungeteremka darajani?