Kitufe Chekundu cha Mzee Paneli

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki, familia imenituma mimi, kaka yake mkubwa, niwasomee maisha ya mdogo wangu, ambaye mafundi wenzake walimwita Paneli, wajukuu walimwita Babu Gemu, na sisi wa nyumbani tulimwita Mdogo hata alipoota mvi, nami hapa nitatumia Paneli, jina aliloliitikia upesi kuliko mengine.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1951, akiwa kitindamimba katika watoto watano. Alianza shule ya msingi Januari 1959, akasoma vizuri bila kukosa, isipokuwa wiki mbili za Juni 1963, aliporudishwa nyumbani kwa kuhamisha swichi ya kengele ya umeme kutoka ofisi ya mwalimu mkuu hadi chini ya dawati lake, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba kule ilikokuwa haikufikika kwa urahisi.

Baada ya shule ya ufundi aliajiriwa tarehe 1 Februari 1970 katika kituo cha kusukuma maji, akichora na kuunda paneli za vitufe za kuendeshea pampu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, na katika miaka yote hiyo alishika mambo mawili, kwamba mkono usitafute kitufe, na kwamba mashine yoyote lazima iwe na kitufe kikubwa chekundu cha kuisimamisha yote kwa pigo moja.

Alifunga ndoa tarehe 7 Septemba 1974. Siku ya posa aliomba kuchora kiganja cha mchumba kwenye karatasi, wakwe wakafurahi wakidhani anachukua kipimo cha pete, kumbe alikuwa amegundua kwamba viganja vyote alivyowahi kupima kwa ajili ya paneli zake vilikuwa vya wanaume, na pete aliyoileta baadaye iligoma kwenye kifundo cha kidole, kwa sababu alikuwa amepima nafasi kati ya vidole, si unene wake. Walijaliwa watoto watatu na wajukuu saba.

Mwaka 2012 binti yake wa mwisho alileta kompyuta kuukuu na televisheni, akamwomba baba yake amsaidie kutengeneza kabati la gemu kama yale ya kumbi za michezo, na hapo Paneli akaanza ajira ya pili isiyo na mshahara. Kabla ya kutoboa ubao alikata kiolezo cha boksi, akamtaka kila mgeni afumbe macho na kuweka mikono juu yake, kisha akatia alama pale vidole vilipoangukia, na kijana aliyekuja kumchumbia binti huyo alifumbishwa macho kabla hajakaribishwa kiti. Aliunda makabati kumi na manne, na kila moja, wateja wapende wasipende, lilikuwa na kitufe chekundu cha kukata umeme.

La kwanza, lililowashwa Desemba 2012, lilibaki sebuleni kwake, na upande wa kushoto aliupanga kwa kufuata ile karatasi ya posa. Hapo ndipo alipokosea, maana kitufe chekundu kilikaa sawasawa chini ya kidole gumba cha mkewe, na kila Paneli alipokaribia kumshinda mkewe katika mchezo wa tenisi, kioo kilizimika. Kwa miaka kumi na mmoja hakuomba kingine ila kumshinda mara moja tu, mchezo ukafika mwisho, na kila alipolalamika, shemeji yangu alimjibu, "Baba Watoto, mkono wangu haukutafuta kitufe." Wanawe walimsihi akihamishe, akakataa, akisema hawezi kuharibu paneli iliyopimwa vizuri.

Moyo wake ulianza kumsumbua Novemba 2022, akalazwa mara tatu. Jumapili tarehe 10 Machi 2024, akiwa nyumbani, aliomba awekewe mto kitini acheze na mkewe, wa kwanza kufikisha alama kumi na moja ndiye mshindi, naye akafika kumi kwa saba. Sote tulikitazama kidole gumba cha shemeji, naye akaondoa mkono, akauweka mapajani. Mpira ukiwa unarudi, Paneli alinyoosha mkono wake hadi upande wa pili, akabonyeza kitufe chekundu mwenyewe, akasema, "Imesimama tu, Mama Watoto. Haijaisha."

Alifariki Jumanne tarehe 19 Machi 2024, saa kumi na mbili asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliomtibu kwa moyo na kukubali kuchorwa viganja, karatasi kumi na moja kwa jumla, majirani waliovumilia umeme kukatika kila alipojaribu waya mpya, na mafundi wa kituo cha maji, ambao ndio waliobeba jeneza leo. Mjane ameniomba nitamke mbele yenu kwamba alama ni kumi kwa saba, na kwamba hazipingi.

Pumzika kwa amani, Paneli, mkono wako usitafute tena kitu.