Kisanduku cha Kona ya Chini

Benchi letu liko nje ya duka la vioo, lina miguu minne yenye vimo vitatu. Asubuhi hiyo tulikuwa wanne. Redio ni kinyozi. Huitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Hakimu ni fundi viatu, na hajawahi kukosa hukumu. Futi ni seremala. Mimi huitwa Mzee Rula, kwa kuwa nilikuwa mnakili wa michoro katika ofisi ya ramani kwa miaka thelathini na mmoja. Mama Birika alikuwa akitumiminia kahawa. Futi alikuwa na karatasi nyeupe magotini na jasho puani. Saa nne dereva wa ofisi ya serikali angekuja kuchukua mchoro wa jukwaa la kuhutubia aliloagizwa kutengeneza, na Futi hajawahi kuchora hata kigoda. Hupima kwa kamba yenye mafundo, mengine yako kichwani. Jukwaa lililopita lilitengenezwa na shemeji yake. Mgeni mkubwa alipanda, ubao ukaachia, mguu ukazama hadi gotini mbele ya umati. Shemeji akaitwa kutoa maelezo. Alirudi siku ya tano, akauza randa na misumeno, na hadi leo ukimuuliza hutazama mlango.

— Saa tatu na robo hiyo, — alisema Redio. — Chora basi, au unasubiri karatasi iote miguu?

— Mkono unatetemeka, ndugu yangu. Nikishika msumeno hautetemeki. Kalamu hii ya risasi nyepesi mno.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — alisema Hakimu.

— Safari ile si mkuu mwenyewe ndiye aliyevunjika guu? — aliuliza Redio.

— Ndiyo hivyo. Hakujisikia.

Futi hakucheka. Alinigeukia.

— Mzee wangu, nisaidie. Hii meza ya kusimamia inaanzwaje?

— Jukwaa, — nilisema. — Meza huwekewa vitu. Anza na uso wa mbele, mstatili tu. Kisha kutoka pembe tatu, vuta mistari mitatu ya mshazari, urefu sawa. Halafu unganisha ncha zake.

Niliyasema hayo nikiwa nimekunja mikono. Ofisi ya ramani ilinifundisha kwamba mkono wa mtu hutambulika hata katika mstari ulionyooka, na mimi ni mzee, sina haja ya kutambuliwa.

Futi alichora mbele. Akachora ubavu wa kulia, wa kushoto, kisha mgongo, zote zimelala kwenye karatasi kama ngozi iliyowambwa juani.

— Babu wee! — alisema Redio. — Jukwaa limechinjwa!

— Umechora pande zote, — nilisema. — Mgongo hauonekani ukiwa mbele. Chora unachokiona, si unachokijua.

— Lakini mgongo upo, mzee. Nikiuacha, si watasema nimeuficha? Shemeji aliulizwa hivyohivyo: umeficha nini huko nyuma?

Hapo hata Hakimu alishusha kikombe.

— Sasa nimeelewa, — alisema Redio, akipunguza sauti. — Mchoro hawautaki kwa ajili ya jukwaa. Wanataka kupima mstari. Ukitetemeka, wewe ni mwoga. Na mwoga ana la kuogopa.

— Na ukinyooka? — aliuliza Futi.

— Ukinyooka ndiyo mbaya zaidi. Umejifunza wapi?

— Wewe Redio wa wimbi fupi, — alisema Hakimu. — Kuna michoro miwili. Mmoja huu, wa pili wanachora wao, ubao ukiwa umekatwa katikati tangu kiwandani. Likivunjika wanautoa wako: jamani, tazameni, ndivyo alivyopanga fundi!

— Basi nisichore!

— Usipochora, umegoma. Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo tulia.

— Nyie wanaume, — alisema Mama Birika, — mwacheni baba wa watu amalize. Ana watoto.

Futi alifuta, akaanza tena. Safari hii sanduku lilisimama, likiwa na kidato cha kupandia ubavuni. Lilikuwa limelegea bega moja, lakini lilikuwa na kina, ungeweza kuweka kikombe juu yake. Alilitazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akasahau kuogopa.

— Loo! Limeinuka!

— Bado kisanduku cha kona ya chini, kulia, — nilisema. — Humo huandikwa jina la mchoraji na tarehe. Mchoro usio na jina ni uchafu wa karatasi.

Ningeyameza maneno hayo kama ningeweza. Futi alichora kisanduku, na uso wake ukarudi ulivyokuwa.

— Lazima?

— Ndiyo kawaida.

— Hicho si kisanduku, hicho ni mtego wa panya, — alisema Redio. — Ukiingiza jina, mlango unajifunga.

Futi aligandamiza kalamu kwa nguvu, ikavunjika ncha kabla hajaandika hata herufi. Nilichukua kisu cha Hakimu, nikaichonga. Ndipo nikaona kidato cha kupandia kimekosa mstari mmoja. Mtu angekanyaga hewa. Miaka thelathini na mmoja si mchezo. Niliuvuta ule mstari kabla sijajua ninafanya nini. Mmoja tu.

Gari likasimama. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu, shati limepigwa pasi.

— Shikamooni wazee. Nimefuata mchoro.

Aliuchukua magotini mwa Futi, akautazama taratibu, kisha akaweka kidole kwenye kona ya chini.

— Hapa patupu. Nani kachora?

Redio alizimika. Hakimu aliokota kiatu ambacho hakikuwa na tatizo. Futi alikuwa anatazama mlango wa duka la vioo.

Dereva alishusha macho mpaka kwenye kalamu, nayo ilikuwa mkononi mwangu.

— Mzee, jina lako nani?

Nimewasahihisha watu majina ya vitu maisha yangu yote. Nilifungua mdomo, nikalitafuta langu. Mama Birika akalitikisa birika, akainua kifuniko, akachungulia ndani kwa muda mrefu, ingawa sote tulisikia kwamba halina kitu.